Mali Bila Daftari: Habari za William Clarke, Fundi wa Matofali Aliyefanya Kriketi Kuwa Kazi

Jumanne ni siku ya gulio Kimana. Watu huteremka kutoka Oloitokitok, Isinet na Namelok, wengine wakiswaga mbuzi na kondoo, wengine wakileta nyanya na vitunguu vya mashamba yanyweshwayo maji ya chemchemi za Mlima Kilimanjaro. Msomaji akisimama hapo kwa saa moja tu ataona kwamba kila mtu auzaye anaijua bei ya mali yake. Mwenye mbuzi anajua atakubali shilingi ngapi na atakataa ngapi. Mwenye nyanya anajua sanduku limemgharimu nini tangu mbegu mpaka gari la kwenda Emali. Lakini mwulize kijana ambaye mali yake ni wepesi wa miguu, au mkono usiokosa shabaha: “Je, wewe mali yako ni bei gani?” Huyo atacheka tu, asiwe na la kujibu.

Swali hilo si la mzaha. Tangu mwaka 1990 na kitu watu wengi wa Kenya wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha za mbio. Na hapo Kimana penyewe, katika hifadhi ya wanyama iitwayo Sidai Oleng, yalianza mwaka 2012 mashindano yajulikanayo kwa jina la Olimpiki ya Wamaasai. Morani ambao zamani walionyesha ushujaa wao kwa kuwinda simba walialikwa kuuonyesha kwa kukimbia, kuruka juu, kurusha mkuki na kurusha rungu, na washindi wakapewa zawadi. David Rudisha, bingwa wa dunia wa mbio za mita 800, alikubali kuwa mlezi wa mashindano hayo. Basi vijana wameanza kuuliza: Je, mchezo waweza kuwa kazi? Na kama waweza, ni nani agawaye fedha, na kwa kipimo gani?

Katika somo hili tutajibu kwa kueleza maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, wala hakuwa Mwafrika. Aliitwa William Clarke, wa mji wa Nottingham katika Uingereza. Yeye ni mmoja wa watu wa kwanza walioufanya mchezo wa kriketi kuwa kazi ya mshahara kwa watu wengi. Alifanya mambo mema makubwa, tena alifanya kosa moja lililomtenga na wenzake. Yote mawili yana mafunzo kwetu.

1. Mchezo wenyewe

Kwa ajili ya wasomaji wasioujua mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Kila upande una wachezaji kumi na mmoja. Husimamishwa vijiti vitatu upande huu na vitatu upande wa pili, na kati yake ni mwendo wa yadi 22. Mrushaji huurusha mpira mgumu wa ngozi ili aviangushe vijiti. Mpigaji husimama mbele ya vijiti akivilinda kwa kibao cha mti. Akiupiga mpira ukaenda mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili hukimbia wakibadilishana mahali, na kila mkimbio ni alama moja. Vijiti vyake vikiangushwa, au mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa chini, hutoka, na mwingine huingia mahali pake.

Mtu aliyezoea kurusha rungu ataona mara moja kwamba mchezo huu hauko mbali naye. Vijana Wamaasai wa Laikipia, ambao walianza kufundishwa kriketi mwaka 2007, walijulikana ulimwenguni kwa kucheza wakiwa wamevaa shuka nyekundu na shanga zao, hata mwaka 2013 wakasafiri mpaka Uingereza kucheza huko. Nao walisema wazi kwamba mkono urushao mkuki haupati taabu kujifunza kurusha mpira.

2. Fundi wa matofali mwenye jicho moja

William Clarke alizaliwa Nottingham mwezi wa Desemba 1798. Kazi yake ilikuwa kujenga kwa matofali, kisha akawa mwenye nyumba ya wageni. Alianza kuuchezea mji wake alipokuwa bado kijana mdogo. Baadaye akapatwa na msiba: alipokuwa akicheza mchezo mwingine wa mpira, mpira ulimpiga jichoni, na jicho lile likapofuka. Watu wengi wangaliacha mchezo siku ile ile. Clarke hakuacha. Aliendelea kurusha mpira kwa jicho moja.

Tena hakuwa na nguvu za kurusha kwa kasi. Tangu mwaka 1835 sheria iliwaruhusu warushaji kuunyosha mkono mpaka usawa wa bega, na vijana waliutupa mpira kwa nguvu nyingi. Clarke alishika desturi ya zamani ya kurusha polepole, mkono ukitoka chini. Silaha yake ilikuwa kumtazama mpigaji. Alimpima kama mnunuzi wa ng’ombe apimavyo mnyama: miguu yake inasimamaje, mpira wa namna gani anaupenda, na wa namna gani humtia hofu. Akiisha kujua hayo, alimpa ule asioupenda. Wapigaji hodari waliuona mpira ukija polepole, wakaudharau, wakatoka.

3. Uwanja wenye ua na mlango

Mnamo mwisho wa mwaka 1837 Clarke alimwoa mjane mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni karibu na daraja la mto Trent. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na shamba. Clarke alilisawazisha, akalizungushia ua, na mwaka 1838 likawa uwanja wa kriketi uitwao Trent Bridge mpaka leo. Kisha akafanya jambo lililowaudhi watu wa mji: kila aliyetaka kutazama alipaswa kulipa peni sita, yaani nusu shilingi.

Watu walinung’unika. Walikuwa wamezoea kutazama bure katika uwanja wa watu wote, na nusu shilingi wakati ule haikuwa fedha ndogo. Lakini Clarke alikuwa ameona neno ambalo wengine hawakuliona. Mchezaji akiacha kazi yake siku tatu ili acheze, watoto wake watakula nini? Kama wapo watu elfu wanaofurahia ustadi wake, basi kila mmoja na atoe kidogo, naye mchezaji apate posho yake. Haba na haba hujaza kibaba. Ua ule na mlango ule ndio uliogeuza mchezo wa siku ya mapumziko ukawa kazi.

4. Timu iliyosafiri kwa reli

Mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 47, umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kustaafu, Clarke aliajiriwa katika uwanja wa Lord’s, London. Mwaka huo huo akaunda timu yake mwenyewe, akaiita Kumi na Mmoja wa Uingereza Yote. Aliwakusanya wachezaji mashuhuri wa siku zile, akaenda nao kucheza mji baada ya mji. Mechi yao ya kwanza ilikuwa Sheffield, mwisho wa Agosti 1846.

Reli ndiyo iliyowezesha jambo hili. Katika miaka ile njia za reli zilikuwa zikienea upesi Uingereza, na timu iliweza kumaliza mchezo jioni katika mji mmoja na kuanza mwingine baada ya siku mbili. Wenyeji hawakuwa na ustadi wa kuwashinda, kwa hiyo waliruhusiwa kuweka watu kumi na wanane au hata ishirini na wawili dhidi ya kumi na mmoja wa Clarke. Watu wa miji midogo ambao hawakupata kuwaona mabingwa ila kusikia majina yao, sasa waliwaona kwa macho. Ndiyo maana wanahistoria husema kwamba Clarke ndiye aliyeieneza kriketi katika nchi nzima.

Na malipo? Hutajwa kwamba alimpa kila mchezaji pauni nne mpaka sita kwa mechi moja. Msomaji apime mwenyewe. Kibarua wa shamba wa siku zile alipata kama shilingi kumi kwa juma, na pauni moja ilikuwa shilingi ishirini. Basi mchezaji alipata kwa siku tatu fedha ambazo kibarua alizipata kwa majuma manane au zaidi. Kwa mtoto wa fundi au wa mfuma soksi, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

5. Ugomvi wa fedha

Hata hivyo malipo yale mazuri hayakuzuia ugomvi, nasi tuangalie kwa nini.

Clarke ndiye aliyepatana na miji juu ya ada ya kuileta timu. Clarke ndiye aliyepokea fedha. Clarke ndiye aliyechagua nani acheze na nani akae. Wachezaji waliona umati mkubwa umesimama kandokando ya uwanja, wakajua kwamba fedha zilizoingia ni nyingi, lakini hesabu hawakuonyeshwa. Walipewa fungu lao mkononi, na lililobaki likawa siri ya mtu mmoja. Manung’uniko yakaanza chini chini, kisha yakawa wazi.

Mwaka 1852 baadhi yao walijitenga. Wakiongozwa na John Wisden na James Dean, waliunda timu ya pili, wakaiita Kumi na Mmoja wa Umoja wa Uingereza Yote, wakatangaza kwamba hawatacheza tena katika mechi ambazo Clarke anazisimamia, isipokuwa zile za wilaya. Huyo Wisden ndiye ambaye mwaka 1864 alianza kuchapa kitabu cha kila mwaka cha habari za kriketi ambacho kimeendelea kuchapwa mpaka siku zetu. Tangu mwaka ule wa 1852 timu zile mbili zilipita nchi nzima zisikutane, mfano wa ndugu wawili waliogombania urithi.

Ni nani aliyekuwa na haki? Tusihukumu kwa haraka. Mtetezi wa Clarke angesema: Yeye ndiye aliyelibuni jambo hili. Mvua ikinyesha na watu wasije, hasara ni yake. Aliandika barua, alipanga safari, na aliwaita watu ambao pasipo yeye wangalikuwa wakipanga matofali. Mwenye kupanda ndiye mwenye kuvuna. Mtetezi wa wachezaji angejibu: Watu hawakulipa peni sita ili kuutazama ua, bali kututazama sisi. Mguu ukivunjika ni wetu. Miaka ya mchezo ni michache, na uzee ni mrefu. Hatukatai kiongozi apate fungu kubwa, ila twataka kujua fungu hilo ni kubwa kiasi gani.

Maneno ya pande zote mbili yana kweli ndani yake. Lakini kosa moja la Clarke haliwezi kutetewa, nalo ni kuficha hesabu. Wahenga wetu walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Hapa twaweza kuongeza kwamba hata urafiki bila daftari huisha, tena huisha kwa kelele.

Clarke aliendelea kucheza karibu mpaka mwisho wa maisha yake, akafa Agosti 1856. Mwaka uliofuata, 1857, timu zile mbili hatimaye zilikutana katika uwanja wa Lord’s, na wachezaji wakaanzisha chama cha kusaidiana, ili mwenzao akiumia au akizeeka asiachwe kuomba barabarani. Yaani lile walilokuwa wakiligombania kwa hasira, walilipata walipoketi pamoja na kuweka sanduku moja lenye hesabu.

6. Mtoto wa Nairobi katika uwanja wa Clarke

Kwa muda wa miaka mia moja baadaye, wachezaji wa kulipwa Uingereza walitendewa kama watumishi. Waliocheza pasipo mshahara waliitwa mabwana, na wa kulipwa waliitwa wachezaji tu. Katika viwanja vingi walikuwa na vyumba mbali mbali vya kubadilishia nguo, na hata katika karatasi ya majina bwana aliandikwa kwa namna moja na mchezaji kwa namna nyingine. Desturi hiyo ya ubaguzi ilifutwa mwezi wa Novemba 1962.

Miaka minne tu baada ya hapo, mwaka 1966, kijana mmoja kutoka Kenya aliingia katika timu ya Nottinghamshire, ambayo nyumbani kwake ni uwanja ule ule wa Trent Bridge. Aliitwa Basharat Hassan, aliyezaliwa Nairobi Machi 1944, wa jamii ya Waasia wa mji huo. Wakati ule mchezaji wa nchi ya nje alipaswa kukaa kwanza katika wilaya ile kwa muda ndipo ahesabiwe kuwa mtu wa huko. Njia ya mkato ilifunguliwa mwaka 1968. Hassan alivumilia. Alicheza mpaka mwaka 1985, miaka karibu ishirini, katika mechi kubwa zaidi ya 300, akapata mikimbio zaidi ya 14,000. Mwaka 1981 alikuwamo katika timu iliyoutwaa ubingwa wa wilaya zote, ubingwa ambao Nottinghamshire haikuupata tangu mwaka 1929.

Hassan hakuwa bingwa wa kutajwa ulimwenguni kote. Alikuwa mfanyakazi mwaminifu: aliyefika kila siku, aliyedaka vizuri, aliyeweza kushika kazi ya kudaka nyuma ya vijiti mwenzake alipoumia. Lakini hali aliyoikuta ilikuwa tofauti na ya watu wa Clarke. Alifanya kazi kwa mkataba ulioandikwa. Tena palikuwapo desturi kwamba mchezaji aliyetumika miaka mingi hupewa mwaka mmoja wa kukusanyiwa fedha na wapenzi wa timu, ziwe akiba yake ya baadaye. Haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalitoka katika magomvi ya kale kama yale ya mwaka 1852.

7. Yaliyotukia kwetu

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Waingereza peke yao. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune katika India, timu ya Kenya ikiongozwa na Maurice Odumbe iliishinda West Indies katika mashindano ya Kombe la Dunia. Kenya ilipata mikimbio 166, na West Indies, waliokuwa na wachezaji wenye sifa duniani kote, walitolewa wote kwa mikimbio 93. Mwaka 2003, chini ya Steve Tikolo, Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe hilo. Nchi nzima ilifurahi.

Lakini mwisho wa mwaka 2004 wachezaji walikuwa wamegoma. Neno lilikuwa lile lile: malipo, na imani kati ya wachezaji na viongozi wa chama. Mwaka 2005 chama kipya kikachukua mahali pa kile cha zamani, ila wakati mwingi ulikuwa umekwisha kupotea, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza nafasi yake miongoni mwa nchi zinazocheza mechi za kimataifa za siku moja. Haingekuwa haki kusema kwamba ugomvi wa fedha peke yake ndio ulioleta anguko hilo. Hata hivyo nyumba ambayo watu wake hawaaminiani haiwezi kusimama imara siku ya upepo.

8. Mafunzo

Basi kijana wa Kimana, au wa Kajiado, au wa mji wowote, ambaye mali yake ni mwili wake na ustadi wake, na ayakumbuke mambo manne.

Kwanza, akili hushinda nguvu. Clarke alikuwa na jicho moja na umri mkubwa, akawatoa vijana wenye mbio, kwa sababu aliwachunguza.

Pili, usione haya kutaja bei. Kazi ya jasho ina thamani, iwe ni kulima vitunguu au kukimbia mita 800. Asiyeitaja bei yake hutajiwa na mwingine.

Tatu, dai hesabu mapema, kabla ya ugomvi. Mkataba na uandikwe, usomwe, na ukiwa katika lugha usiyoielewa, umpelekee mtu unayemwamini akusomee. Na wewe uliye kiongozi wa timu, wa kikundi cha akina mama, au wa chama cha wafugaji, fungua daftari lako mbele ya watu kabla hawajakuomba. Daftari lililofunguliwa kwa hiari hujenga imani, na lile lililofunguliwa kwa kushurutishwa halijengi chochote.

Nne, weka akiba. Miaka ya mchezo ni kama majani ya masika: hupendeza, hunenepesha ng’ombe, kisha hukauka. Mfugaji mwenye busara haingojei kiangazi ndipo atafute maji.

Maswali ya kujadiliana

Haya yafaa kusomwa na kujibiwa katika vikundi vya vijana, madarasani, au barazani jioni.

1. Je, Clarke alikuwa na haki ya kuwatoza watu peni sita kutazama mchezo ambao zamani waliutazama bure? Toa sababu.
2. Kama ungalikuwa mchezaji wa Clarke mwaka 1852, ungalijitenga naye au ungalibaki? Ungalisema naye neno gani kwanza?
3. Katika kikundi chenu, ni nani ashikaye fedha, na wengine huonyeshwa hesabu mara ngapi kwa mwaka?
4. Mtu acheze kwa mshahara, au acheze kwa heshima ya rika lake na kijiji chake? Je, mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja?